Blanketi la chatu

Leo siandiki siasa. Mliokuja kutafuta habari za Dodoma mnisamehe, nitarudi huko wiki ijayo. Leo naandika kuhusu nyoka, na kuhusu kosa langu mwenyewe ambalo nimekaa nalo kimya muda mrefu.

Nilipokuwa ndiyo kwanza naanza kazi hii ya uandishi, nilitumwa mji mmoja wa nyanda za juu kufuatilia bei ya viazi. Ilikuwa Julai. Anayezijua nyanda za juu anajua Julai maana yake nini: asubuhi ukifungua mdomo kusalimia mtu unatoa mvuke kama birika. Habari ya viazi haikuwa na uzito, nikaanza kutafuta kitu cha kujazia ukurasa. Nikaelekezwa kwenye kibustani fulani cha wanyama nje kidogo ya mji, cha kuonyesha watoto wa shule. Kulikuwa na kobe, kenge wawili, ngedere mmoja mkorofi, na chatu mkubwa aliyeletwa kutoka pwani. Chatu alikaa kwenye chumba cha saruji chenye wavu mbele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja kumwona mgonjwa?"

Mzee aliyemtunza alinieleza kwamba chatu hali vizuri. Alipewa kuku, akammeza, siku chache baadaye akamtapika mzimamzima ananuka. "Huyu mtoto wa pwani," aliniambia, "baridi ya huku hajaizoea. Usiku namfunika blanketi." Na kweli blanketi lilikuwepo, la kijivu, limekunjwa vizuri pembeni. Nikapiga picha. Nikaandika kisa kitamu cha mzee anayemfunika nyoka blanketi kama mjukuu wake, na mwishoni nikaweka sentensi ambayo hadi leo inanichoma: kwamba huenda chatu hali kwa sababu anawakumbuka wenzake. Watu walikipenda sana kile kisa, nikapongezwa ofisini.

Septemba nikasikia chatu amekufa.

Sasa jamani, mimi si daktari wa mifugo. Lakini mwandishi ukishaandika "huenda" bila kumuuliza mtu yeyote, umeshajitwika mzigo. Nikaanza kusoma. Na kitu cha kwanza nilichokutana nacho kilinifanya nicheke halafu nikaacha kucheka: lile blanketi halikuwa la kwanza. Lina historia ya zaidi ya miaka 170.

Bustani ya wanyama ya London, pale Regent's Park, ilifungua mwaka 1849 nyumba maalumu ya wanyama watambaao, ya kwanza ya aina hiyo duniani. Nyoka walikuwa wakiletwa kwa meli kutoka Bara Hindi, Afrika na Amerika, wengi wakifika nusu wafu. Uingereza ni nchi ya baridi, kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo watunzaji walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya. Waliwapa nyoka mablanketi. Mwaka 1851 nyoka mmoja mkubwa wa Amerika Kusini, wa jamii ya boa, alilimeza blanketi lake zima. Alikaa nalo tumboni wiki kadhaa, kisha akalitapika. London nzima ilizungumza habari hiyo. (Mwaka uliofuata nyumba hiyohiyo iligeuka ya msiba: mtunzaji aitwaye Edward Girling alicheza na swila, akang'atwa puani, akafa siku hiyohiyo. Lakini hiyo ni habari nyingine.)

Watu walicheka kwa sababu nyoka amekula blanketi. Swali la kuuliza lilikuwa jingine kabisa: lile blanketi lilikuwa linamfanyia nini?

Fikirini. Blanketi halina joto. Joto unalolisikia ukijifunika usiku ni lako mwenyewe, mwili wako unalitengeneza kutokana na ugali uliokula, na blanketi linalizuia tu lisikimbie. Nyoka hana jiko hilo ndani. Joto lake analiokota nje: kwenye jiwe lililopigwa na jua, kwenye udongo, kwenye mchanga. Ukimfunika nyoka wa baridi blanketi, umeihifadhi baridi yake. Tena umefanya vibaya zaidi, maana hata asubuhi jua likitoka blanketi linamkinga lisimfikie.

Na yule kuku aliyetapikwa? Tumbo la nyoka linafanya kazi kwa joto. Mwili ukipoa mno, usagaji unalala, na nyama aliyoimeza inaanza kuoza ndani kabla haijasagwa. Nyoka akiweza anaitoa. Asipoweza, inamuua. Chatu wa yule mzee hakuwa na majonzi wala hakuwakumbuka wenzake. Alikuwa na baridi.

Sasa kabla hamjawacheka wazungu wa 1851, kuna jambo lililowachanganya hata wasomi. Katika miaka ya 1830 Mfaransa mmoja aitwaye Lamarre-Picquot alidai kwamba chatu jike wa Bara Hindi anayalalia mayai yake na kuyapa joto. Wakubwa wa sayansi kule Paris hawakumwamini. Nyoka ana damu baridi, atatoa wapi joto? Basi mwaka 1841 chatu jike akataga palepale Paris, kwenye bustani ya Jardin des Plantes, na profesa Valenciennes akachukua vipimajoto akaviingiza kwenye mikunjo ya mwili wake. Joto lilikuwa juu kuliko la hewa iliyomzunguka. Yule Lamarre-Picquot alikuwa sahihi. Ilibidi kusubiri hadi 1966, kwa chatu wa aina hiyohiyo aliyekuwa New York, ndipo wataalamu wakapima na kuonyesha jinsi anavyofanya: anakaza na kulegeza misuli, kama mtu anayetetemeka, na kadiri chumba kinavyopoa ndivyo anavyotikisika zaidi.

Lakini huyo ni chatu wa Bara Hindi, tena akiwa na mayai tu. Chatu wetu wa kusini na mashariki mwa Afrika ana njia nyingine, na mimi naona ni nzuri kuliko ile ya kutetemeka. Mwaka 2018 profesa Graham Alexander wa Afrika Kusini alichapisha matokeo ya miaka kadhaa ya kuwafuatilia porini. Jike akiwa kwenye kipindi cha kuzaliana rangi yake inakuwa nyeusi zaidi, naye hutaga kwenye shimo la muhanga. Anatoka nje kuota jua hadi mwili unafika karibu nyuzijoto 40, kiwango cha hatari kwake, halafu anarudi shimoni na kuyazungushia mayai lile joto. Likiisha, anatoka tena. Muda wote huo hali chochote. Yaani analibeba jua mwilini kulipeleka chini ya ardhi, kama mama anayekwenda kisimani na kurudi.

Huyo ndiye mnyama tuliyemfungia kwenye chumba cha saruji kisichopigwa na jua, tukamwekea blanketi.

Haya, turudi London. Baada ya mablanketi ikaja zama ya kupasha moto nyumba nzima. Wazo lilikuwa kwamba nyoka wanatoka "nchi za joto", basi tengeneza nchi ya joto ndani ya jengo, moto uleule kwa wote. Mnaona tatizo? "Nchi za joto" ni wapi? Njombe ni nchi ya joto? Nyoka wa jangwa la Misri na nyoka wa msitu wa Kongo wote waliwekwa kwenye hewa moja, kama abiria wa basi moja wasiojuana. Mmoja anakauka, mwingine anavuta hewa yenye majimaji hadi mapafu yanaugua.

Aliyeuvunja utaratibu huo alikuwa mwanamke, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana sijui kwa nini hafahamiki zaidi. Joan Beauchamp Procter alizaliwa London mwaka 1897. Alikuwa mtoto wa kuumwaumwa, tumbo lilimsumbua maisha yake yote, na kwa ajili ya ugonjwa huo hakwenda chuo kikuu. Lakini tangu utotoni alifuga nyoka na mijusi, na akiwa shule alikuwa na mamba mdogo ambaye inasemekana alikwenda naye hadi darasani, kwenye kipindi cha hesabu. (Kwetu ungefukuzwa wewe na mamba wako.) Akiwa na umri wa miaka 19 hivi alianza kazi kwenye makumbusho ya viumbe ya Uingereza, chini ya bingwa George Boulenger.

Na kuna uzi unaomfunga na kwetu. Mwaka 1922 Procter alichapisha utafiti juu ya kobe wa ajabu aliyekusanywa Tanganyika na Arthur Loveridge: yule kobe bapa, laini, anayejibana kwenye nyufa za miamba. Mnamfahamu, yupo Tanzania na Kenya. Procter alilichambua gamba lake mfupa kwa mfupa ili kueleza limekuwaje jembamba vile. Ni mnyama ambaye maisha yake yote ni kuchagua ufa: mchana ufa, usiku ufa, jua kidogo, kisha ufa tena. Siwezi kusema kobe huyo ndiye aliyempa Procter wazo lake la baadaye, ila napenda kufikiri kwamba hakumsahau.

Mwaka 1923 akawa mtunzaji mkuu wa wanyama watambaao wa bustani ya London, mwanamke wa umri wa miaka 26. Na mwaka 1927 likafunguliwa jengo jipya alilolibuni yeye, akishirikiana na msanifu majengo Guy Dawber. Ndani yake alifanya mambo ambayo leo anayafanya kila mfugaji wa nyoka bila kujua yalianzia wapi.

La kwanza ni umeme. Badala ya jengo zima kuwa na joto moja, kila kizimba kilipashwa kivyake, na ndani ya kizimba palikuwa na mahali pa moto zaidi na mahali pa kupoa. La pili ni mwanga. Aliweka taa ndani ya vizimba na kuacha ukumbi wa watazamaji uwe na giza kidogo, kwa hiyo wewe unamwona nyoka vizuri na yeye hasumbuliwi sana na sura yako kwenye kioo. La tatu ni kioo chenyewe. Kioo cha kawaida cha dirishani kinazuia sehemu kubwa ya ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo ngozi inaitumia kutengeneza vitamini D. Ndiyo maana mtoto anayefungiwa ndani anaweza kupata matege hata kama anakaa dirishani kutwa nzima. Miaka ile ya 1920 kilikuwa kimetoka kioo kipya kilichoitwa Vita, kinachopitisha miale hiyo, na Procter akakiweka kwenye jengo lake.

Mwaka huohuo wa 1927 walifika kenge wakubwa wa Komodo. Mmoja wao, aliyeitwa Sumbawa, akawa mpole kwake kiasi kwamba alikuwa anatembea naye bustanini, yeye mwenyewe akiwa hoi kwa maradhi. Alifariki mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 34. Jengo lake lilitumika zaidi ya miaka 90. Jengo jingine la wanyama hao lilifunguliwa pale London mwaka 2024.

Lakini Procter alikuwa fundi. Alijua kinachofaa kwa kuwatazama wanyama. Aliyethibitisha kwa vipimo ni mtu mwingine, na huyu naye ni mtoto wa Afrika kwa namna yake. Raymond Cowles alizaliwa mwaka 1896 huko Natal, Afrika Kusini, kwenye familia ya wamisionari wa Kimarekani. Alikulia kwenye pori la Wazulu, na baadaye alirudi kuchunguza kenge wa mtoni. Kenge jike anabomoa ukuta wa kichuguu, anataga mayai ndani, kisha anaondoka. Mchwa wenyewe wanaziba tundu. Mayai yanabaki ndani ya nyumba yenye joto na unyevu usiobadilikabadilika, miezi na miezi, na mwenye nyumba halipwi kodi. Hakuna kiangulio kilichowahi kutengenezwa na fundi kikamshinda mchwa, nadhani.

Cowles akaenda California, na mwaka 1944 yeye na mwenzake Charles Bogert walichapisha kazi waliyoifanya jangwani. Walipima joto la mwili la mijusi na nyoka, saa baada ya saa. Kabla yao fikra iliyotawala ilikuwa kwamba mnyama mwenye damu baridi hufuata tu joto la mahali alipo, kama jiwe. Wao wakaonyesha kwamba mjusi akiwa huru anajiendesha: anatoka juani, anaingia kivulini, anageuza ubavu, anajizika mchangani, na kwa kutembea huko mwili wake unabaki kwenye nyuzijoto zilezile kwa saa nyingi za mchana. Ukimnyima nafasi ya kutembea, anakufa upesi. Nyoka wa jangwani akizuiliwa juani kwenye mchanga wa moto hufa kwa dakika chache, yeye ambaye watu walidhani anapenda joto. Zinazotenganisha joto analolipenda na joto linalomuua ni nyuzi chache tu.

Wengi wetu tunadhani nyoka anakufa kwa baridi tu. Waliofugwa majumbani wamekufa kwa moto pia, na wengi.

Cowles huyohuyo, miaka ya 1950, aliwashonea mijusi vikoti vya manyoya. Kweli kabisa! Vikoti vidogo vya manyoya. Alitaka kuona kama koti litamsaidia mjusi kutunza joto. Lilimchelewesha kupata joto. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo, kwa sababu mzee wangu wa nyanda za juu na blanketi lake walikuwa wamenisimamia mbele ya macho.

Sasa ngoja niwape mfano wa nyumbani, maana haya yote mama zetu wanayajua. Nani hapa hajaona vifaranga wakilelewa? Unaweka balbu au jiko la mkaa upande mmoja. Asubuhi unachungulia. Wakiwa wamerundikana chini ya taa, wana baridi. Wakiwa wamekimbilia kuta zote za mbali, wanaungua. Wakiwa wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala, umepatia. Hapo hujasoma kipimajoto, umewasoma wao. Na uliweza kuwasoma kwa sababu uliwaachia nafasi ya kukimbia. Mama mfuga kuku angeingia kwenye jengo la Procter angelielewa mara moja.

Kinachofanyika leo kwenye nyumba ya mtu anayefuga nyoka, iwe Marekani au Ujerumani, ni hichohicho kwenye sanduku. Chukua yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayejiviringa kama mpira akiogopa. Ghana, Togo na Benin wamewauza nje maelfu kwa maelfu kwa miongo, na leo ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana duniani. (Kule Ouidah, Benin, wana hekalu lao na wanaheshimiwa. Nyoka huyohuyo ng'ambo anakaa kwenye droo ya plastiki. Dunia hii.) Upande mmoja wa sanduku anapewa nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 24 hadi 26, na kila upande pango la kujificha. Pango mawili, jamani, si moja. Ukiweka pango moja upande wa baridi unamlazimisha achague kati ya joto na usalama, na nyoka mwoga atachagua usalama hadi augue.

Joto linatoka kwenye mkeka wa umeme chini ya sanduku, au taa juu, na lazima lipitie kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango. Hili la kukata umeme lilijifunzwa kwa majeraha. Miaka ya 1980 na 1990 maduka yaliuza mawe ya bandia yenye waya wa moto ndani. Nyoka alijilaza juu ya jiwe hadi ngozi ya tumbo ikaungua, na hakuondoka. Porini joto la hatari linatoka juu, na nyoka anajua la kufanya. Jiwe linalochoma kutoka ndani huku hewa ya juu ikiwa baridi ni kitu ambacho mwili wake haukuwahi kufundishwa.

Na balbu! Ile balbu ya zamani ya waya, kwa kweli ilikuwa hita inayojifanya taa. Umeme wake karibu wote uligeuka joto. Ulaya walianza kuziondoa sokoni mwaka 2009, Marekani wakakaza sheria mwaka 2023, na wafugaji wa nyoka walikuwa miongoni mwa watu wachache duniani waliosikitika, kwa sababu taa mpya zinaangaza bila kupasha. Siku hizi wananunua taa maalumu za joto, au hita za udongo zisizotoa mwanga kabisa, ili usiku ubaki usiku. Nyoka naye anahitaji giza.

Kuhusu ile miale ya vitamini D, ubishi aliouanzisha Procter kwa kioo chake haujaisha. Nyoka anameza panya mzima na maini yake, kwa hiyo vitamini anaipata humo, na vizazi vya nyoka vimezaliana gizani bila matege. Lakini mwaka 2008 watafiti Marekani walipowawekea taa hiyo nyoka wa mahindi, vitamini D kwenye damu yao ilipanda. Kwa yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi jaribio kama hilo halikuonyesha tofauti. Mimi naona kama taa ipo na kivuli kipo, muachie mwenyewe.

Unyevu ndio uliochelewa kueleweka. Nyoka anapojivua gamba (neno ambalo wanasiasa wetu walilichosha mwaka 2011, lakini nimeahidi leo si siasa), ngozi ya zamani inapaswa kutoka nzima kama soksi, pamoja na vile vioo vinavyofunika macho, kwa sababu nyoka hana kope. Hewa ikiwa kavu mno, ngozi inakatikakatika, na kioo cha jicho kinabaki. Kikibaki mara ya pili na ya tatu, jicho linaharibika. Watu walidhani dawa ni kumwagia maji sanduku zima. Nyoka akalala kwenye majimaji, tumbo likafanya vidonda. Walisahau kwamba yule chatu mdogo kwao anakaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu, mahali ambapo hewa ina unyevu lakini sakafu haina tope. Dawa ikawa rahisi: kisanduku kidogo chenye majani laini mabichi ndani, mlango wazi, aingie akitaka.

Tena si kila mmoja anakitaka. Kuna nyoka wa mchangani wa kwetu, mfupi, mnene, wa rangi ya machungwa na madoa ya kahawia, anayepatikana Kenya kaskazini na hata kaskazini mwa Tanzania. Ng'ambo anafugwa sana na anaitwa kwa jina la Kenya. Huyo ukimpa unyevu wa yule wa Benin unamuua polepole. Yeye anajizika mchangani, macho tu nje, na anataka sakafu yenye joto upande mmoja na ukavu. Wote wawili ni "nyoka wa Afrika".

Na hilo ndilo neno lililomuua chatu wetu. Nilipokuwa naandika kile kisa, kuna kiongozi mmoja wa kile kibustani nilimuuliza mbona hakuna hita. Akanijibu, "Hita ya nini? Huyu ni nyoka wa Afrika, hita ni za Ulaya." Nikaona ni jibu zuri, nikaliandika. Mzee wa watu peke yake ndiye aliyeona kwamba mnyama ana baridi, akatoa alichokuwa nacho.

Mwezi uliopita nilimpigia simu. Bado yupo, bado anatunza wanyama. Nilimweleza yote, blanketi la London, vikoti vya mijusi, chatu jike anayebeba jua. Alinisikiliza bila kunikatiza, hadi nikadhani salio limeisha.

"Kwa hiyo mwanangu, nilikuwa naifunika baridi."

"Mimi ndiye niliyeandika uongo, mzee. Wewe ulikuwa unahangaika naye."

"Ungekuja kuniambia mapema."

Sikuwa na jibu. Kisha akaanza kuniuliza maswali, ya maana kuliko yangu yote. Kenge wake wako chumba kilekile. Dirisha linatazama mashariki lakini lina kioo. Je, akitoa kioo na kuweka wavu, jua la asubuhi litatosha? Usiku je, umeme ukikatika? Akiweka tofali nene mahali linapopiga jua, litakaa na moto hadi saa ngapi? Tukaongea karibu saa nzima. Tofali tulikubaliana alijaribu yeye mwenyewe kwa kuligusa kila saa.

Ameniomba vipimajoto viwili, kimoja cha upande wa jua na kimoja cha upande wa kivuli. Nimemtumia kwa basi la juzi, vimefika.